Je, Wajua? Kondoo wa Garissa Hana Sufu

Mkoba wa sufu hufumwa ukiwa mkubwa kupita kiasi, kisha husuguliwa ndani ya maji moto yenye sabuni. Kila unyuzi wa sufu una magamba madogo mno. Yakipata joto na msuguano hunasana, na mkoba husinyaa ukawa mzito, usiofumuka hata ukikatwa kwa mkasi.

Lakini usijaribu kwa kondoo wa mnadani Garissa! Kondoo wa Kisomali, mwenye kichwa cheusi na mafuta ya akiba matakoni, ana nywele fupi tu, nazo hazishikamani hivyo. Kwa jua lile, koti la nini? Damu yake imo hata katika kondoo aina ya Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini.

Ufundi wa kina mama wa Kisomali uko katika nyuzi za mimea. Husuka dhiil, chombo cha maziwa kilichokazwa kisivuje, na kukifukiza moshi wa kuni ili maziwa yakae na yanukie. Wenye kutaka sufu ya Kenya waulize Nanyuki, ambako kina mama huisokota kwa mkono.