Mtafiti akibisha hodi, nawe uwe na maswali yako

WAKAZI wengi wa Kilifi si wageni wa mahojiano ya utafiti. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Nchini (KEMRI), kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, ilifungua kituo chake mjini humo mwaka 1989, na mwaka 2000 ikaanza kufuatilia nyumba kwa nyumba ni nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Kilifi ilikuwa pia miongoni mwa maeneo yaliyofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza mnamo Oktoba 2021.

Pamoja na mazoea hayo, mhojiwa mara nyingi huketi mbele ya mtafiti kama mshtakiwa mbele ya hakimu. Anasahau kwamba mwenye haja ni yule mgeni.

Kabla ya kujibu lolote, mhojiwa ana haki ya kujua mgeni ametumwa na nani na anatafuta nini. Chini ya sheria ya mwaka 2013, mtafiti anahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Mwombe akuonyeshe. Fomu ya ridhaa nayo isomwe kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili au Kigiriama, na usitie sahihi wala kidole gumba kwa sababu tu mtoto wa watu amesimama juani. Unaweza kukataa, kuruka swali au kusitisha mazungumzo katikati.

Suala zito zaidi ni usiri. Chukua mfano wa mvuvi wa Malindi au Watamu anayeulizwa ni nyavu gani zinazotumiwa na wenzake. Juya lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na sehemu za bahari hiyo ni hifadhi tangu 1968. Jibu lake, basi, laweza kumtia yeye au jirani yake mashakani. Ataahidiwa kwamba jina lake halitaandikwa, lakini penye mashua tatu tu zenye injini, kutaja "nahodha mzee mwenye mashua ya injini" ni sawa na kumtaja kwa jina. Na aulize mapema: ni maelezo gani yatakayoachwa nje? Sauti iliyonaswa itahifadhiwa wapi, na nani ataisikiliza? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwaje.

Kuhusu tarehe, weka karibu kadi za kliniki za watoto na vitambulisho. Kwa mambo ya zamani, si aibu kusema fulani alizaliwa wakati wa mvua za El Nino za 1997. Mhoji mzoefu atajua kuhesabu kutoka hapo.

Tangu janga la korona la 2020, baadhi ya mahojiano hufanywa kwa video. Hapo chaji simu mapema, ukubaliane na mtafiti ni nani atakayelipia bando, na uketi ukiuelekea mwanga badala ya kuupa kisogo. Upepo wa baharini humeza maneno, hivyo ni heri ndani kuliko barazani. Tena barazani jirani husikia, na visikizi vya masikioni huficha maswali ya mtafiti tu, si majibu yako.

Kabla ya kuagana, muulize matokeo yatarudishwa kijijini lini, na kupitia kwa nani.