Dafu au Koroma?

Muuza madafu ninayenunua kwake ameanza kumfundisha kazi mpwa wake. Juzi nilikuta kijana amekabidhiwa panga. Akachagua moja kutoka kwenye baiskeli, akaligonga kwa mgongo wa panga, akalikata kichwa, akanipa. Maji yamepungua utamu, nyama imeshakuwa ngumu.

"Hilo koroma," mjomba wake akasema, naye kageukia upande wa pili anahesabu chenji. Alikuwa amesikia mlio tu.

"Sasa mjomba, mimi nitajuaje?"

"Utajua tu, mjomba."

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu watarajiwa saikolojia ya kujifunza, na jibu hilo nililitafuna njia nzima kuliko nilivyotafuna nyama ya lile koroma. Kuna kitu ambacho mzee yule anakijua barabara lakini hawezi kukisema. Je, kijana atakipataje?

Tuangalie kwanza ugumu wa anachotakiwa kujifunza. Tunda la mnazi likiwa changa kabisa ni kidaka, likikua ni kitale, kisha dafu, kisha koroma, mwishowe nazi. Majina matano, lakini tunda lenyewe halina mahali lilipochorwa mstari. Linakomaa polepole, siku hadi siku. Mipaka tumeiweka sisi, kwa sababu wa kunywa ana haja yake na wa kukuna tui ana yake. Dhana ndiyo hiyo: uwezo wa kukutana na kitu ambacho hujawahi kukiona ukajua la kukifanyia, kwa kuwa umekiweka pamoja na vingine.

Darasani tumezoea kuamini kwamba dhana huanza na fasili. Mwalimu anaandika ubaoni, "Samaki ni...", watoto wananakili, mtihani unauliza fasili ile ile. Imani hii ina umri mkubwa, inarudi hadi kwa Aristotle: kila kundi la vitu lina sifa zake za lazima, na anayezijua sifa hizo amelijua kundi. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein aliitikisa katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Alitaka tutazame neno "mchezo" na tutafute sifa moja iliyomo katika michezo yote. Haipo. Kinachoonekana ni mfanano kama wa ndugu: huyu kachukua pua ya baba, yule mwendo wa shangazi. Kiswahili kingemfurahisha zaidi. Bao ni mchezo, kombolela ni mchezo, wanachoigiza waigizaji redioni ni mchezo, na akina mama wa mtaani kwetu wakichangiana fedha ili kila mmoja apokee kwa zamu, huo nao ni mchezo, ingawa siku ya kutoa hela sijamwona anayecheka.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Eleanor Rosch, wa Berkeley huko California, alilipeleka suala hili kwenye majaribio. Aliwaomba wanafunzi wa Kimarekani wapime mifano: huyu ni ndege mzuri kiasi gani kama mfano wa ndege? Kwa kanuni ya fasili swali halina maana, maana ama ni ndege ama siye. Lakini wanafunzi hawakupata tabu kulijibu, na walikubaliana sana. Ndege wadogo wa bustanini walikaa juu, mbuni na pengwini wakaachwa mkiani. Tena mtu akiulizwa kama kitu fulani kimo katika kundi, hujibu haraka zaidi kikiwa mfano wa katikati kuliko kikiwa cha pembezoni. Kichwani, basi, kundi lina kitovu na kingo, na kingo zake zina ukungu. Ndiyo maana watoto hubishana kuhusu popo, lakini hakuna anayebishana kuhusu njiwa.

Hatari ya kitovu ni kwamba hujengwa na kile ulichoonyeshwa, hata pale ambapo fasili iko wazi kama mchana. Chukua pembetatu. Karibu kila pembetatu inayochorwa ubaoni imekalia kitako chake, pande zinakaribiana urefu, ncha iko juu. Mtoto anakariri kwa ufasaha kwamba pembetatu ni umbo lenye pande tatu. Mchoree nyembamba, iliyolala, ncha ikielekea sakafuni. Nimewaona wanaoinamisha shingo kuigeuza kwanza, na nimewaona wanaosema kabisa kwamba si pembetatu, "imepinduka." Fasili wanayo mdomoni, ila waliyojifunza ni picha ya ubaoni. Siwalaumu. Walichofanya ni kile akili inachokifanya siku zote, kukusanya mifano na kutafuta inachofanana, na mwalimu aliwapa mifano ya aina moja.

Kwa hiyo suala ni mifano ipi, na ipangweje. Hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko mingi. Mwaka 2008 Nate Kornell na Robert Bjork, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, waliwaonyesha wanafunzi picha za mandhari zilizochorwa na wachoraji 12, sita za kila mmoja. Za baadhi ya wachoraji zilionyeshwa mfululizo, sita za huyu ndipo sita za yule. Za wengine zilichanganywa. Baadaye wakaletewa picha ambazo hawakuwahi kuziona na kuulizwa kazi ni ya nani. Wachoraji waliochanganywa ndio waliotambulika zaidi. Lakini wanafunzi walipoulizwa, baada ya mtihani, ni mpangilio upi uliowasaidia, wengi wao waliutaja ule wa mfululizo!

Sababu si ngumu. Ukitazama picha sita za mtu mmoja, unaona zinachofanana, na unajisikia umeelewa. Zikichanganywa, jirani wa kila picha ni mgeni, na jicho linalazimika kuuliza hii inatofautianaje na ile iliyopita. Kazi hiyo inachosha, na uchovu tunaudhania kuwa ni kutoelewa. Daftari la hesabu la mtoto wangu lina maswali ishirini ya kutoa yaliyofuatana, yote ameyapata. Bila shaka! Hakuna swali hata moja lililomtaka aamue kama hapa ni kutoa au kujumlisha.

Halafu liko lile "utajua tu". Katika biashara ya kuku kuna mafundi wanaotambua jinsia ya vifaranga vya siku moja kwa kutazama sehemu ndogo sana ya mwili, ufundi uliostawishwa Japani. Ulisifiwa kuwa hauelezeki, kwamba ni kukaa na fundi tu mpaka jicho lizoee. Mwaka 1987 Irving Biederman na Maggie Shiffrar walichapisha jaribio lao: waliwapa watu wasiojua lolote maelekezo mafupi, kwamba watazame mahali hapa na waangalie kama umbo limevimba au limelala bapa. Kwa kutumia picha, wanagenzi hao wakafikia kiwango kinacholingana na cha mafundi. Kutambua picha mezani si sawa na kushika kifaranga kinachopapatika, hilo nalikubali. Hata hivyo maneno machache yaliyoelekezwa mahali panapostahili yaliwafupishia watu safari ndefu.

Wiki hii nilipita tena. Mzee alikuwa ameshika moja kila mkono. "Hili gonga. Haya, na hili. Sasa yatikise." Lililokomaa lilicheza maji ndani, kwa kuwa yameanza kupungua na kuacha nafasi; lililo changa, limejaa pomoni, likakaa kimya. Kijana akarudia mara tatu, sikio limeegemea ganda, kisha akaokota la tatu. Akaligonga. Akalitikisa. Akaligonga tena.

"Hili liko katikati, mjomba."

"Hilo muulize kwanza mteja. Anataka la maji au la nyama?"