Nani anahesabu saratani ya Lamu? Vijana wa Mkomani wana kazi ya kufanya

Kutoka Mkomani, mtaa wa kale upande wa kaskazini wa Mji wa Lamu, safari ya kutafuta tiba ya saratani huanza kwa miguu au juu ya punda. Unateremka vichochoro mpaka ufuoni, unapanda boti hadi Mokowe, halafu basi: Hindi, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, mpaka Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 300. Na mara nyingi hapo mtu bado hajaambiwa anaumwa nini hasa.

Kisiwani ipo Hospitali ya King Fahd, lakini saratani si malaria. Inataka kipande cha nyama ya mwili kikatwe, kichunguzwe kwa darubini na daktari bingwa, kisha zije dawa kali, upasuaji au mionzi. Ndiyo maana watu husafiri.

Sasa hebu fikiria. Mgonjwa wa Lamu anafika Mombasa, anaandikishwa kwa anwani ya shemeji yake wa Kisauni. Hesabuni huyo ni mtu wa Mombasa. Mwingine anafia nyumbani Faza au Kiunga bila kupimwa. Huyo hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kwa mwaka 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kuwa Kenya ilipata wagonjwa wapya karibu 45,000 na vifo karibu 29,000. Neno lenyewe ni “kukadiria”, manake makadirio hayo yanategemea madaftari ya sehemu chache, yakiwemo ya Nairobi na Eldoret. Kaunti ya Lamu, yenye watu 143,920 katika sensa ya 2019, inasomewa hesabu kutoka mbali.

Je, chuo kikuu kinaweza kujenga utafiti wa saratani mahali palipo mbali hivi? Jibu lipo hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze Uganda. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Kampala aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Hakukaa ofisini. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani aliyoichora ilifuata maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria. Sampuli kutoka Uganda zikapelekwa London, na mwaka 1964 kikatangazwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 Kampala ikapata taasisi yake ya saratani, ambayo iko hai mpaka leo. Stori yote hiyo ilianza kwa swali na daftari.

Eldoret nayo? Chuo Kikuu cha Moi kilianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani karibu na mwaka 1990. Daftari la saratani la Eldoret lilianza 1999, miaka mingi kabla ya jengo kubwa la saratani kusimama pale. Waliona wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, wakauliza kwa nini. Leo Eldoret, Moshi na Malawi zimeshiriki utafiti mmoja wa kutafuta chanzo chake, na chai ya moto sana ni moja ya mambo yaliyochunguzwa.

Hapo Lamu inaingia moja kwa moja. Mwaka 2016 IARC ilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto wake, kahawa yenyewe haikupatikana na hatia. Tambuu nayo? Popoo iliwekwa wazi na shirika hilo hilo kuwa inasababisha saratani, iwe na tumbaku au bila. Mkomani kahawa inamiminwa kutoka kwenye dele ikifuka, na tambuu ni mambo ya harusi. Mwanafunzi mwenye kipimajoto, fomu ya maswali na adabu ya kubisha hodi anaweza kuanza utafiti wa maana.

Kuna na jambo la bandari. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa 2021, na kibali cha mtambo wa makaa ya mawe kilifutwa na jopo la kitaifa la kesi za mazingira mwaka 2019. Viwanda vingine vikija, swali litakuwa: saratani imeongezeka au la? Bila hesabu ya kabla, hakuna atakayeweza kujibu, si mwekezaji wala mwananchi.

Kusema kweli, kikwazo kikubwa huenda si pesa tu. Mkomani nyumba zinagusana kuta. Siri haina pa kukaa. Mwanamke mwenye uvimbe wa titi anaweza kunyamaza kwa kuogopa maneno ya mtaa. Kwa hivyo daftari lazima lilindwe, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai hivyo. Pia anayeuliza maswali awe anaelewa Kiamu, Kibajuni na lugha ya Waboni. Watafiti wakija, wakachukua damu na wasirudi na majibu, safari ya pili watakuta milango imefungwa.

Faida ya kushiriki tunaijua. Wasichana 2,275 wa Kenya, wa miaka 15 hadi 20, walijitolea kwenye utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo ya 2022 yalionyesha dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 kwa miezi 18 dhidi ya aina hatari zaidi za kirusi hicho. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja. Kwa muuguzi anayepeleka chanjo kwa boti hadi Kiwayu, kuondoa safari moja si jambo dogo.

Walishiriki kutoka Nairobi, Thika na Kisumu. Pwani nayo ina Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na jirani yake KEMRI na Wellcome Trust wamefanya utafiti tangu 1989, wakifuatilia kaya za eneo hilo nyumba kwa nyumba tangu 2000. Ujuzi uko njiani tu, kabla hujafika Mombasa.

Kwa hivyo wewe uliyemaliza Kidato cha Nne na unawaza kozi, usiangalie udaktari peke yake. Daftari la saratani linataka karani wa rekodi za afya, fundi wa maabara, mtu wa takwimu na mtu wa kompyuta. Na kama una dada wa miaka 10 hadi 14 nyumbani, uliza leo kama amepata chanjo yake ya HPV. Ni bure kwenye vituo vya serikali.