Samaki Wakifa Bwawani, Usiwatupe Mtoni

Siku hizi familia nyingi za vijijini zimechimba mabwawa ya samaki. Ni jambo la kusifiwa. Watoto wanapata kitoweo, na ziada ikiuzwa husaidia mahitaji ya shule. Lakini kama vile kuku ana kideri, sato na perege nao wana tauni yao.

Tauni hiyo huletwa na kirusi, kijidudu kidogo mno kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Wataalamu wa Israeli walikitangaza mwaka 2014, baada ya kukikuta hata katika samaki wa Ziwa la Galilaya, alikovua Mtume Petro. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kimo pia katika sato wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Nao samaki hao hawakuonyesha dalili yoyote! Basi, usidanganyike na uzima wa macho tu.

Utautambuaje ugonjwa? Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, huenda ni upungufu wa hewa tu. Lakini wakikataa chakula, wakazubaa, ngozi ikawa na vidonda vyekundu, macho yakaingia ukungu au kuvimba, nao wakafa siku baada ya siku, ogopa. Vifaranga ndio hufa zaidi. Pengine kati ya samaki 100 hufa 90. Mwite afisa uvuvi mara moja, maana ni maabara tu inayoweza kuthibitisha. Kirusi hiki hakimdhuru mtu. Hata hivyo samaki mgonjwa au aliyekufa bwawani si chakula.

Dawa ya kuponya hakuna. Yatupasa kukinga:

Kwanza, nunua vifaranga kwa mtu unayemwamini, uwatenge majuma kadhaa kabla ya kuwachanganya na wenzao.

Pili, usiazime wala kuazimisha wavu na ndoo bila kuvisafisha na kuvianika juani.

Tatu, usijaze samaki kupita kiasi, wala kuwashikashika wakati wa joto.

Nne, tauni ikiingia, funga maji yasitoke. Waliokufa wazike mbali na maji, pamoja na chokaa. Baada ya kulimaliza bwawa, likaushe na kulinyunyizia chokaa isiyozimwa, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba. Jihadhari, chokaa hiyo huunguza macho na mikono.

Hapo ndipo majaribu huja. Samaki wachache wamebaki, wanaogelea vizuri, na mnunuzi wa vifaranga amesimama mlangoni na fedha mkononi. Ndugu, usimwuzie. Kumwuzia ni kuhamishia msiba nyumbani kwa jirani yako, naye ana watoto kama wewe. Jirani hawezi kukiona kirusi. Mungu anaiona dhamiri yako.