Mafunzo ya kompyuta kwa viongozi wa Pemba: wapi ulipe, wapi ubane

Kwenye bajeti za jumuiya nyingi za Chake Chake na Wete kuna mstari usiokosekana: mafunzo ya TEHAMA kwa viongozi. Fedha ikishaingia, jibu la nani aende hupatikana kabla ya swali kuulizwa. Mwenyekiti anapanda boti Mkoani, anakaa Unguja siku kadhaa, anarudi na cheti na mkoba wenye nembo. Posho imeliwa, cheti kimetundikwa, na barua pepe za ofisi bado zinafunguliwa na kijana wa mapokezi, ambaye ndiye peke yake anayejua neno la siri.

Kabla ya kulinganisha bei, tukubaliane kwanza kinachonunuliwa. Mkurugenzi wa jumuiya, mwalimu mkuu, meneja wa nyumba ya wageni au mwenyekiti wa ushirika wa mwani hahitaji kuwa fundi. Anachohitaji ni kujua akaunti za ofisi zimesajiliwa kwa namba ya simu ya nani, na kusoma jedwali la mapato na matumizi bila kusomewa. Aweze kuidhinisha malipo kwa mkono wake, ajue nakala ya kumbukumbu iko wapi kompyuta ikifa, na ajue ujumbe wa tapeli ukoje. Serikali nayo haimsubiri: malipo yake yanapita mfumo wa ZanMalipo kwa namba ya udhibiti, Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) inataka risiti za kielektroniki kupitia mfumo wa VFMS, na mzabuni anatakiwa aingie mfumo wa ununuzi wa e-PROZ. Bosi anayempa msaidizi neno lake la siri ili amwidhinishie malipo, amempa sahihi yake. Siku hesabu zikigoma, jina litakalosomeka kwenye mfumo ni la bosi.

Sasa tuje kwenye soko. Njia iliyozoeleka ni kuvuka. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo cha Utawala wa Umma (IPA) vyote vina makao makuu Tunguu, na kwa mtumishi anayetaka cheti kitakachotambulika akiomba kupandishwa cheo, hakuna ubishi, aende. Mwenye subira na anayetaka shahada anaweza kupitia Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Pemba, akasoma bila kuhama. Lakini kwa kozi fupi ya ofisi, mimi naona kuvuka ni njia ghali kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Nauli hupanda na kushuka, basi tuhesabu kwa siku. Kozi ya siku tatu Unguja hula siku tano za kazi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na kusi likichachamaa kule Mkondo wa Nungwi huenda zikawa sita. Mshahara wa siku tano, chakula cha siku tano, malazi ya usiku nne, na mwisho amefundishwa mtu mmoja. Tena amefundishwa kwa mifano ya kampuni isiyokuwapo, kwenye kompyuta zisizokuwa zake. Akirudi Wete anakuta programu ya zamani, na vitufe haviko pale alipoonyeshwa.

Geuza hesabu hiyo. Mwalimu mmoja aje Pemba kwa siku hizo hizo tano, afundishe tatu. Jumuiya nne zikiungana na kila moja kuleta watu watatu, wanafundishwa watu 12, na kila jumuiya inabeba robo tu ya ada, nauli na malazi ya mwalimu. Ukumbi unaweza kuwa darasa la skuli wakati wa likizo. Faida kubwa kuliko fedha ni kwamba kila mtu anakuja na kompyuta ya ofisi yake na vitabu vyake halisi: orodha ya wanachama, daftari la mikopo, ripoti ya mfadhili iliyochelewa. Mwenyekiti, mshika fedha na katibu wanakaa meza moja, kwa hiyo hakuna atakayerudi ofisini na kusema mwenzake ndiye anayejua.

Kikwazo cha njia hii ni posho. Mafunzo ya nyumbani hayana posho ya safari, na wapo viongozi watakaoyaona hayana hadhi kwa sababu hiyo tu. Bodi iwe na ujasiri wa kusema wazi kwamba fedha iliyotengwa ni ya ujuzi, na posho ina mstari wake.

Mtandaoni je? Vyeti vya Google vilivyoko kwenye jukwaa la Coursera vina bei ya dola 49 kwa mwezi kwa orodha ya Marekani, na bei hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Tazama neno "kwa mwezi". Google yenyewe hukadiria miezi mitatu hadi sita kwa mtu anayesoma chini ya saa 10 kwa wiki. Ukimaliza kwa mitatu umelipa dola 147. Ukiburuza hadi sita ni 294, yaani mtu mwenye shughuli nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa somo lile lile. Alison, iliyoanzishwa Ireland mwaka 2007, masomo yake ni bure ila cheti unalipia, na kwa kiongozi anayetaka kuelewa tu bila cheti hiyo ni nafuu ya kweli. Kote huko masomo mengi ni ya Kiingereza, na malipo yanataka kadi ya benki iliyofunguliwa kwa ununuzi wa mtandaoni. Ongeza bando, maana video hula data kuliko maandishi. Na usisahau Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Asiyekuwa na nakala za mafaili ndani ya kompyuta yake alikaa akiitazama skrini.

Kuhusu programu zenyewe, hapa ndipo jumuiya nyingi zinapovuja fedha bila kujua. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2025 kwa mkataba wa mwaka, Microsoft 365 Business Basic ilikuwa dola 6 kwa mtu kwa mwezi, na Google Workspace ya daraja la kwanza dola 7. Kwa bei hizo, ofisi ya watu wanane ingelipa dola 576 kwa mwaka kwa ya kwanza na 672 kwa ya pili. Ila kampuni zote mbili zina mpango wa bure kwa asasi zisizo za faida zinazokidhi masharti. Microsoft hutoa hiyo Business Basic kwa watumiaji hadi 300. Kabla ya kulipa hata senti, toa cheti chako cha usajili cha Mrajis kabatini, uombe. Biashara na nyumba za wageni hazimo kwenye mpango huo, lakini LibreOffice ni bure kwa wote na inatosha kwa barua na hesabu. Wala programu za ofisi kwa Kiswahili si jambo la jana: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice. Kwa mikutano, Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40 na Google Meet baada ya saa moja mkiwa watatu au zaidi. Mkutano wa kamati unaopita hapo, nionavyo mimi, ulihitaji mwenyekiti mkali zaidi kuliko akaunti ya kulipia.

Kompyuta za mtumba nitazipitia haraka. Nyingi zinakuja na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza kama mashine inapokea Windows 11. Kama haipokei, bei ishuke, au usiitumie kwa mambo ya fedha.

Yapo pia mashauri ya kuajiri "kijana wa kompyuta" na kumwachia kila kitu. Ni rahisi mwezi wa kwanza. Akipata kazi Dar es Salaam anaondoka na ukurasa wa Facebook, barua pepe na namba ya WhatsApp ya ofisi, si kwa ubaya, bali kwa sababu vyote vilisajiliwa kwa laini yake. Kumwajiri si vibaya. Ila laini iwe ya ofisi, na viongozi wawili wawe na maneno yote ya siri kwenye bahasha iliyofungwa.

Ningekuwa mshika fedha wa jumuiya ya Pemba, ningemleta mwalimu kwa kuchangiana, ningeomba programu za bure, na nauli ya Unguja ningeiacha kwa anayehitaji cheti cha chuo. Mifumo ya kodi ningeulizia ofisi za ZRA zenyewe kabla ya kumlipa mshauri. Na kabla ya kumsainia mwalimu mkataba, muulize kama atarudi baada ya mwezi mmoja kuona nani anafanya nini. Akikataa, shusha ada yake au tafuta mwingine.