Kihisi, Kitambuzi au Swichi?

Neno moja lililotafsiriwa kwa pupa huweza kuharibu kazi ya mikono. Mfano wake tuliupata Likombe, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ambako wanafunzi wa shule moja walitundika taa ndogo ukutani ili ziwake kila apitapo mtu. Maelezo yaliyotafsiriwa yalisema: "Taa zitawaka muda wote mtu awapo mbele ya swichi." Wageni walipofika jioni taa ziliwaka, waliposimama kuzitazama, zikazimika. Vijana wakafumua nyaya zote wakitafuta kosa ambalo halikuwamo.

Kosa lilikuwa katika maneno. Swichi hufunga na kufungua njia ya umeme, basi. Kifaa kilichokuwa ukutani hupokea badiliko la mionzi ya joto itokayo mwilini, kikapeleka ishara kwa kidhibiti, nacho kidhibiti ndicho kiamurucho swichi. Kifaa hicho cha kwanza twapendekeza kiitwe kihisi. Tena "awapo" ni upotoshaji, kwani kihisi cha aina hii huhisi badiliko, si kuwapo. Mtu akitulia, na muda uliowekwa katika kidhibiti ukiisha, taa huzimika. Laiti mfasiri angaliandika "ajongeapo", vijana wangalirefusha muda huo na kazi ingalikwisha.

Wako wapendeleao kitambuzi. Hatukubaliani nao. Kutambua ni kujua mtu ni nani au kitu ni nini. Kihisi cha Likombe kilimwashia taa mbuzi sawasawa na mwalimu mkuu. Kitambuzi lihifadhiwe kwa vyombo vinavyolinganisha sura au alama za vidole. Kihisio, kwa mfano wa kifutio, si kosa, ila kihisi ni fupi na limekwisha kuzoeleka.

Kwa hiyo tuseme kihisi mwendo, na kile kizuiacho taa zisiwake mchana kiwe kihisi mwanga. Kihisi joto tukiachie kipimacho halijoto, ijapokuwa kihisi mwendo nacho hutegemea joto: ukuta uliochomwa na jua la Mtwara ukikaribia joto la mwili, uwezo wake hupungua. Walimu wafanye majaribio jioni.

Limebaki jina la taa zenyewe. Baadhi yetu wasema taa shirikishi. Wengine, kwa kuwa mtu hupita nazo zikaitika kama mwenye nyumba aitikavyo hodi, wapenda taa itikivu. Tungependa kupata maoni ya wasomaji, hasa mafundi.