Q Haina Haja ya U

Swali ni lile lile, liulizwe na mzazi aliyemnunulia mtoto Scrabble au na mchezaji wa klabu aliyetoka kupigwa sasa hivi: "Mwalimu, nimeshika Q na U sina. Nifanye nini?" Nalijibu kwa mara ya mwisho, ingawa najua wiki ijayo litarudi. Acha kuitafuta U.

Imani kwamba Q haitembei bila U tulipewa shuleni, na kwa maneno mengi ya Kiingereza ni kweli. Lakini hata kwa Waingereza si sheria ya tangu na tangu. Waingereza wa kale waliandika CWEN kwa malkia na CWIC kwa kitu kilicho hai. Mtindo wa QU ulishika baada ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066 na makarani wao kuanza kuandika Kiingereza kwa mazoea ya Kifaransa. Ni desturi ya makarani, basi. Maneno yaliyoingia baadaye kutoka Kiarabu, Kichina na Kiebrania hayakupita mezani kwao, ndiyo maana yamekuja na Q tupu. Kamusi imeyakubali, ubao umeyakubali. Aliyebaki kukataa ni wewe.

Sasa tuje kwenye huo ushauri unaowamaliza watu: "Ishikilie tu, U itakuja." Itatoka wapi? Mfuko mzima una herufi 100. Q ni moja, U ni nne. Tuseme mchezo ndio kwanza unaanza, herufi zako saba zina Q lakini hazina U. Herufi usizoziona ni 93, na kati yake U ni hizo nne. Ukicheza neno la herufi tatu na kuchota nyingine tatu, nafasi ya kupata walau U moja ni kama moja kati ya nane. Moja kati ya nane! Na huenda baadhi ya hizo U ziko mkononi mwa mpinzani, ambaye hana mpango wa kukusaidia.

Wakati unangoja, Q ni mpangaji asiyelipa kodi. Una nafasi saba, moja imekaliwa, unacheza na sita. Zile alama 50 za ziada za kumaliza herufi zote saba kwa mkupuo mmoja unaziaga, maana ni nadra Q kuingia katika neno refu bila hiyo U unayoililia. Mpinzani akimaliza herufi zake huku Q bado umeikumbatia, pengo kati yenu linasogea alama 20 dhidi yako. Nimeona watu wakishindwa kwa alama kumi na kitu huku Q imelala mbele yao, na bado wanalaumu bahati.

Linganisha na I. Mfuko una I tisa. Kwa hesabu ile ile, kama huna I hata moja mkononi, kuchota herufi tatu kunakupa zaidi ya nafasi moja kati ya nne ya kuipata. Tena si lazima uichote, kwa kuwa mara nyingi I iko ubaoni tayari. Nayo ndiyo yote unayohitaji kwa QI, ile nguvu ya uhai inayozungumzwa katika falsafa na tiba za Kichina. Ndilo neno pekee la herufi mbili lenye Q, na linapokea S: QIS. Wamarekani waliruhusiwa kulitumia katika mashindano yao mwaka 2006 na hawajaliachia tangu hapo.

Chukua mfano. Ubaoni kuna SAFARI, imelazwa, na juu ya ile I ya mwisho kuna mraba mtupu unaozidisha herufi mara tatu. Weka Q hapo, kisha I kuliani kwake. Umepata QI ya kulala na QI ya kusimama kwa mpigo mmoja. Q ya alama 10 inakuwa 30, ongeza I moja, 31. Mara mbili kwa sababu maneno ni mawili. Alama 62 kwa herufi mbili. Anayengoja U ili aandike QUEEN anachekwa na ubao.

Kinachonishangaza zaidi ni kuona wanaoogopa maneno haya ni watu wa kwetu, ambao nusu ya maana wamezaliwa nazo. SUQ ni soko. QADI ni kadhi, WAQF ni wakfu, TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri, QIBLA ni kibla, TARIQA ni tarika. QAT ni miraa, au mirungi kwa wa Tanzania. Mwingereza wa Leeds huyakariri kwa jasho. Wewe umeyasikia tangu utotoni. Ila usiyaandike kwa Kiswahili: KADHI na TALAKA zitapingwa na utapoteza zamu.

Kuna watakaoniambia maana haina kazi katika mchezo huu, na watanitajia Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Sawa. Wewe si Nigel Richards. Kichwa cha kawaida hukamata neno kwa maana yake, na hapo ndipo unapomzidi yule wa Leeds.

Na tafadhali, zile orodha za WhatsApp za "maneno 200 ya Q" zifuteni. Nimeletewa moja yenye IRAQ na QATAR. Majina ya nchi hayachezwi.

Haya, ya kufanya. Una I, au iko ubaoni panapofikika: cheza QI, hata kwa alama 11 tu, ikiwa mraba mzuri hauonekani karibu. Huna I lakini una A na T: QAT. Halafu jifunze haya kwa wiki moja: QIN, kinanda cha nyuzi cha Wachina, QAID, kiongozi wa eneo huko Afrika Kaskazini, QOPH, herufi ya Kiebrania, QANAT, mfereji wa maji unaopita chini ya ardhi, NIQAB na BURQA, hayo unayajua, TRANQ, dawa ya kutuliza, UMIAQ, mashua ya ngozi ya Wainuiti. Hakikisha mnatumia orodha ya maneno ya Collins, kwa sababu ile ya Marekani ni fupi zaidi na kuna utakayoyakosa. Hakuna I, hakuna A, ubao umefungwa? Badilisha Q maadamu mfukoni zimebaki herufi saba au zaidi. Utapoteza zamu moja. Kuingoja U kungeweza kula kadhaa. Zikiwa chini ya saba huwezi kubadilisha tena, kwa hiyo amua mapema, mfuko ukiwa bado mzito.